Mzee anasikia sauti, neno linapotea

Kwenye nyumba mingi za wachimbaji, tangu Kasongo mpaka Kabambare, na Lusangi pia, kuna lawama moja inayorudi kila jioni. Asubuhi, kabla moteri hazijawaka, unaongea na baba na anaelewa yote. Jioni grupu ya jirani inaunguruma, muziki unatoka kwenye baa, watoto wanacheza, mvua inapiga mabati. Baba yule yule anajibu mambo mengine kabisa. Basi watu wanasema: « Mzee iko nasikia wakati anapenda. » Wengine wanasema ni kiburi. Wengine wanasema akili imeanza kumtoka, na kuna wale wanaotafuta nani amemroga.

Tumeona vizuri tuzungumze juu ya jambo hili, maana linavunja heshima kati ya watoto na wazazi, na kwenye kazi ya shimo linaweza kuua. Mara mingi mzee hana kiburi. Anasikia sauti yako kweli. Kile hakamati ni neno. Na mwenye kufanya kazi ya mashine miaka mingi anaweza kufikia hali hiyo kabla ya mvi.

Sauti inafika, herufi inabaki njiani

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kidogo kama punje ya haragi, kimejikunja mfano wa konokono. Humo mna seli karibu 15.000 zenye vinywele vidogo sana, havionekani kwa macho. Sauti ikiingia, vinywele vinatikisika, na mshipa unapeleka habari kwenye ubongo. Seli zilizo karibu na mlango zinapokea sauti nyembamba na kali. Zile za ndani zinapokea sauti nene.

Umri unapoenda, seli za karibu na mlango ndizo zinazokufa kwanza. Na zikikufa, hazioti tena. Kuku akipoteza seli hizo zinaota upya, wataalamu wamehakikisha. Mtu, hapana.

Sasa tuangalie maneno yetu. A, e, i, o, u ni sauti nene zenye nguvu. Lakini s, f, sh, ch, t, k na p ni sauti nyembamba, dhaifu, kama pumzi tu. Mzee anapoteza hizi nyembamba kwanza. Ndiyo maana anajua kama umesema, anajua ni wewe umesema, anajua hata kama umekasirika, lakini hajui umesema nini. Kwa sauti ya watoto na ya wamama wengine, ambayo ni nyembamba zaidi, shida inaongezeka. Ndiyo sababu nyingine ambayo mama wa nyumba analalamika: « Rafiki zake anawasikia, mimi hapana! »

Jaribuni kusikiliza mazungumzo haya, ambayo yanaweza kutokea nyumba yoyote:

— Baba, nipe kisu.

— Kitu gani?

— Kisu!

— Si ndiyo nauliza, kitu gani?

Hapo watoto wanacheka. Lakini kati ya *kisu* na *kitu* kuna herufi moja tu ya kutofautisha, na ni ile ile sikio la mzee limepoteza. Kiswahili chetu kinamaliza karibu kila silabi kwa herufi nene. Kwa hiyo mzee anapokea mfululizo wa i-u, a-i, o-a, na anajaza mengine kwa kukisia. Mahali pa kimya anakisia vizuri, kwa sababu kipande kidogo cha herufi nyembamba bado kinamfikia. Kelele ikija, inafunika kipande kile kidogo, na hakuna tena cha kukisia nacho.

Sita ao tisa, toka ao shoka

Mahali pa kazi na pa soko, mchezo unaisha. Chukua namba *sita* na *tisa*. Zote zina i na a, zote zina s na t, zimebadilishana nafasi tu. Kwa sikio lililochoka, karibu na mashine ya kusaga mawe, ni neno moja. Ukihesabu kwa Kifaransa, kama wengi wetu tunavyofanya mbele ya mnunuzi wa zahabu, *six* na *dix* zinaleta shida ile ile. Mzee anakubali kwa kichwa ili asionekane kiziwi mbele ya vijana. Kisha akifika nyumbani na franga pungufu, anasema ameibiwa. Pengine ameibiwa kweli. Pengine alikubali bei ambayo hakuisikia.

Chini ya shimo ni hatari zaidi. Mtu wa juu ameona udongo unapasuka, anapiga kelele: « Toka! » Aliye chini, motopompu inavuma kando yake, anapokea o-a. Dakika tano mbele alikuwa ameomba shoka ya kukata mbao za kutegemeza. Basi anafikiri wanamjibu juu ya shoka, anakaa kungojea. Maneno mawili, herufi nene zile zile, na kati yao kuna maisha ya mtu.

Ubongo nao unachoka

Si sikio peke yake. Mwaka 1953, Colin Cherry, mtaalamu wa Uingereza, alichunguza swali ambalo kila mtu aliyeenda kwenye sherehe amekutana nalo: mtu anawezaje kufuata sauti moja wakati watu wengi wanaongea pamoja? Aliwasikilizisha watu hotuba mbili kwa wakati mmoja. Sauti zikitoka kila moja kwenye sikio lake, mtu alifuata moja na kuacha nyingine bila shida kubwa. Zikichanganywa pamoja, kazi ilikuwa ngumu sana. Ubongo unatumia masikio mawili, unalinganisha, unajua sauti inatoka upande gani, unaichagua.

Kazi hiyo inataka haraka. Umri unapoenda, ubongo unapunguza mwendo. Kijana anayeongea mbio anamwacha mzee nyuma kwa maneno matatu ao manne, na mzee akiyatafuta yale matatu, mengine sita yamekwisha pita. Ndiyo maana kwenye barza, watu wawili wakisema pamoja, mzee ananyamaza. Akirudi nyumbani amechoka kama mtu aliyebeba mzigo. Na kweli amebeba: saa mbili za kukisia kila neno.

Mwaka 2009, wataalamu wawili wa Boston, Marekani, Sharon Kujawa na Charles Liberman, walionyesha jambo lingine. Walipeleka kelele kubwa kwa panya kwa muda wa saa mbili. Baada ya siku chache panya walipimwa, ikaonekana wanasikia tena sauti ndogo kama zamani. Lakini walipoangalia ndani ya sikio, sehemu kubwa ya viungo kati ya seli na mshipa ilikuwa imekatika, na haikurudi. Kwa binadamu, utafiti ungali unaendelea. Lakini funzo linaeleweka: kusikia kunaweza kuonekana kumerudi, na kumbe kitu kimebaki kimevunjika. Mtu anayejisifu « masikio yangu yalipona siku ya pili » asijiamini sana.

Kelele inaongeza miaka

Nguvu ya kelele inapimwa kwa desibeli. Kipimo ambacho wataalamu wa afya ya kazi wanafuata sana ni desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 91 ni saa 2. Desibeli 94 ni saa 1. Kwenye desibeli 100, dakika 15 zinatosha. Mashine ya kutoboa jiwe kwa nguvu ya hewa inapita hapo, na ndani ya shimo kuta zinarudisha kelele, haina pa kutokea.

Hamna kifaa cha kupima? Tumia mkono. Simama mbele ya mwenzako, umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa. Kama lazima upandishe sauti ndipo akuelewe, kelele ya pale imeshafika kiasi cha kuharibu. Na kama ukitoka kazini masikio yanalia « nziii », ao unaongea kwa nguvu nyumbani bila kujua, sikio limekwisha kukuambia.

Tusisahau wamama. Wale wanaotwanga mawe kwa kinu cha chuma, ambao kule Kamituga wanaitwa *twangaises*, wanapigiwa chuma juu ya chuma, karibu na kichwa, kutwa nzima. Mlio wa kugonga ni mfupi lakini mkali sana, na sikio halipati nafasi ya kujikinga. Mama wa miaka 45 ambaye haelewi tena mahubiri kanisani ao mawaidha musikitini hajazeeka bure.

Wako wazee katika eneo letu walioanza kazi vijana wakati wa SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya migodi ya Kivu na Maniema. Wakati ule wengi walidhani uziwi ni alama ya mchimbaji, kama mikono migumu. Leo bado tunasikia vijana wakisema vile. Si alama ya kazi. Ni jeraha la kazi.

Wazee wa Mabaan

Mtu atauliza: lakini uzee si unaleta uziwi hata bila mashine? Ndiyo, kwa sehemu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kama kati ya watu waliopita miaka 60, zaidi ya mmoja kwa wanne ana upungufu wa kusikia unaomzuia katika maisha. Wengi wao hawajaona mgodi. Urithi wa familia, magonjwa na dawa vinaingia pia.

Lakini kuna habari moja kutoka bara letu inayofaa kujulikana. Miaka ya 1960, daktari wa masikio wa New York, Samuel Rosen, alienda na wenzake kwa Wamabaan, watu waliokaa karibu na mpaka wa Etiopia, sehemu ambayo leo ni Sudan Kusini. Vijiji vyao vilikuwa kimya: hakuna moteri, hakuna bunduki. Waliwapima watoto mpaka wazee. Katika habari waliyoitoa mwaka 1962 walionyesha kama wazee wa Mabaan walisikia sauti nyembamba vizuri kuliko Wamarekani wa umri ule ule, tena kwa tofauti kubwa.

Wataalamu wengine walileta maswali. Wazee wale hawakuwa na karatasi za kuzaliwa, chakula chao kilikuwa tofauti, damu yao pia. Hatuwezi kusema kimya peke yake ndicho kiliwahifadhi. Lakini wengi wanakubali kama uziwi wa uzeeni una sehemu mbili: ile ya miaka, na ile ya kelele tuliyokusanya njiani. Ya kwanza hatuizuii. Ya pili tunaiweza.

Nyumbani na kwenye barza

Kosa la kwanza tunalofanya ni kupiga kelele kwenye sikio la mzee. Ukipiga kelele, unaongeza a, e, i, o, u, ambazo tayari anazisikia. S na t hazipati nguvu yoyote, zinafunikwa zaidi. Tena sikio lililoharibika lina tabia ya ajabu: sauti ndogo halisikii, na kubwa ikipita kiasi kidogo inaumiza. Ndiyo maana mzee anakuambia « Sema kwa nguvu », na ukisema anakasirika: « Mbona unanitukana? » Hachezi na wewe. Yote mawili ni kweli.

Fanyeni hivi:

Kwanza, punguzeni kelele mbele ya kuongea. Zima redio. Sogea mbali na grupu. Kama mvua inapiga mabati, jambo kubwa lingojee.

Pili, mwonyeshe uso wako. Mzee anasoma midomo bila kujua. Usimwite ukiwa chumba kingine, usiongee na mkono juu ya mdomo ao ukitafuna. Usiku, mwangaza wa toshi uwe kwenye uso wako, usimpige yeye machoni.

Tatu, mguse ao mwite jina kwanza, angoje kukutazama, ndipo useme. Sema polepole, sauti ya kawaida.

Nne, asipoelewa mara ya pili, usirudie neno lile lile mara ya tatu. Badilisha. Badala ya « kisu », sema « kile cha kukatia nyama ». Mpe njia nyingine ya kukisia.

Kwenye barza, mkubwa wa kikao aagize mtu mmoja mmoja kusema. Mzee akae mbele, ukuta uwe mgongoni mwake, si katikati ya watu. Mzee anayeitwa kushuhudia mpaka wa shamba ao deni la zamani, kabla hajajibu, arudie swali kwa mdomo wake: « Mmeniuliza kama… » Hivyo kila mtu atajua amejibu swali gani. Shahidi aliyejibu swali ambalo halikuulizwa anaweza kuwasha ugomvi wa familia mbili.

Na msimwache pembeni. Tume ya wataalamu ya gazeti la madaktari *The Lancet*, mwaka 2017, tena 2020 na 2024, imeweka kupungua kwa kusikia kati ya mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza akili uzeeni. Mtu asiyeongeleshwa anajifunga, anaacha kutoka, anaacha kuuliza. Akisahau mambo, watu wanasema « tuliwaambia, akili imetoka ». Pengine hakusahau. Hakuna aliyemwambia akasikia.

Kwenye shimo

Hapa tunaongea na ma-PDG na wakubwa wa timu. Kelele ya mdomo isiwe njia ya pekee ya kuonya. Patanisheni alama kabla ya kushuka: kamba ivutwe mara ngapi kwa « simama », mara ngapi kwa « panda sasa ». Ongezeni taa: kuwasha na kuzima mbio mbio ni hatari. Wote wazijue, hata aliyekuja jana, na wazijaribu kila asubuhi. Neno la kutoka liwe moja, refu kidogo, lisilofanana na jina la chombo chochote. Na anayepokea agizo alirudie. Bei na grama zionyeshwe kwenye mashine ya kuhesabu ao ziandikwe, hata kati ya marafiki.

Moteri iwekwe mbali na mahali pa kazi. Mahali pa wazi, umbali ukiongezwa mara mbili, kelele inapungua desibeli karibu 6. Lakini msiizike ndani ya shimo wala ndani ya nyumba kwa kutafuta kimya, moshi wake unaua watu wamelala. Pamba kavu kwenye sikio haisaidii kitu. Vizibo vya kweli vya masikio ao vile vya kufunika sikio zima vinasaidia, na mwenye kuvivaa ahitaji zaidi zile alama za kamba na taa. Mshike mashine kwa zamu. Na ukitoka kazini, usiende moja kwa moja kukaa chini ya baflu ya baa. Sikio nalo linahitaji kulala.

Kwenda kwa munganga

Mwenye kusikia vibaya asikubali mara moja kuwa ni uzee. Pengine ni nta imeziba, na munganga wa sentre ya afya anaweza kuitoa siku hiyo hiyo. Pengine ni sikio lenye usaha. Usiingize kijiti cha kiberiti, manyoya ya kuku wala mafuta ya moto. Sikio likizimika ghafula, kwa siku moja, bila sababu, hiyo ni haraka, nenda lopitali siku ile ile.

Uliza pia juu ya dawa. Kinini nyingi inafanya masikio kulia. Sindano za streptomisini na kanamisini, zilizotumiwa kwa kifua kikuu, zinaweza kuua seli za sikio. Tangu 2018 OMS imeshauri kanamisini iachwe katika kutibu kifua kikuu sugu. Lakini mgonjwa asiache dawa yake mwenyewe. Amwambie munganga: « Masikio yangu yanalia, » na munganga ataamua. Merkiri ya kukamata dhahabu nayo inashambulia mishipa ya fahamu, na kusikia ni kazi ya mishipa. Msiichome ndani ya nyumba.

Vifaa vya kuongeza sauti viko, lakini bei ni kubwa, vinataka betri, na vinaongeza pia kelele ya pembeni. Mwenye kupata asivitegemee peke yake mahali pa moteri. Bado atahitaji uso wa mtu, mwangaza na watu wanaosema kwa zamu. Mambo hayo matatu hayahitaji franga, na leo jioni mnaweza kuanza: zima redio, keti mbele ya baba, umwulize siku yake ilipita namna gani, kisha mwache ajibu mpaka mwisho.